Naomba ushauri: mchanganyiko wa viungo unaganda kwenye chupa

Wakuu, habari. Vipimo ni hivi: chumvi laini vijiko vikubwa 4, unga wa kitunguu maji 2, unga wa kitunguu saumu 2, pilipili manga 1, binzari nyembamba 1. Binzari inakaangwa kavu, moto mdogo, inapoa kabisa ndipo inasagwa. Ikifungwa ya moto hutoa mvuke. Unga wa vitunguu haukaangwi, unaungua upesi na kuleta uchungu. Mchanganyiko bado unaganda baada ya muda, nadhani kitunguu saumu ndicho kinachovuta unyevu. Chumvi ya mawe sitaki, inajitenga na unga na ladha haiwi sawa. Je, niongeze wanga wa mahindi? Kiasi gani kisichofanya mchuzi uwe mzito?