Nchi inauza nje kuliko inavyonunua: nibadilishe dola zote?

Mwana Katuba: Bakubwa, munisaidie. Redioni wamesema Kongo inauza nje mali nyingi kuliko inayonunua. Basi dola zitajaa, faranga itapanda. Nina dola 900 nyumbani. Nizibadilishe zote? Sipati usingizi.

Muzee wa Likasi: Zijae wapi? Shaba inavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia usiku na mchana, malipo yanaingia akaunti ya mwenye mgodi. Sheria ya migodi ya 2018 inamdai arudishe nchini asilimia 60 tu ya mapato wakati bado anafidia mtaji wake. Hata iliyorudi inatoka tena: mitambo, mazuti (dizeli), faida ya wenye hisa. Ziada hiyo ni hesabu ya mali iliyovuka mpaka, si pesa iliyolala Lubumbashi.

Mama Bunga: Tunatoa shaba, tunangojea mahindi ya Zambia. Vijana wakalime!

Fundi08: 2008 nilikuwa nachomelea vyuma Kolwezi. Shaba iko juu, kila mtu anaoa. Kufika Noeli bei imeanguka, mgodi umefungwa, nimerudi kwa shemeji na jenereta ya mkopo. Mpaka leo tukikutana msibani ananiuliza jenereta.

Kamalondo Tu: Ukibadilisha, beba gunia.

Yaya Béa: Mdogo wangu, hizo 900 ni zako?

Mwana Katuba: Ziko kwangu.

Yaya Béa: Sikuuliza ziko wapi.

Mwana Katuba: Ni za likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, ya mama na wenzake wa soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Mimi ndiye mshika pesa. 400 nimeshabadilisha. Lakini sikuiba! Kampuni za migodi zikitaka faranga za kulipa kodi zinauza dola, faranga inapanda, narudisha 900 kamili, kinachobaki ni jasho langu. Kosa liko wapi?

Mama Bunga: Jasho la nani? Mama zako wanaamka saa kumi za usiku!

Kamalondo Tu: Ngojeni. Wiki jana huyu aliomba humu noti za somo la uchumi. Hakuna likelemba hapa, tunamfanyia zoezi la profesa.

Muzee wa Likasi: Basi aandike na hii: nchi ikikosa pesa ya kununua chochote, ziada itaonekana vilevile.

Mwana Katuba: Zoezi lipo, la Jumatatu. Na pesa ni za kweli. Kesho ni zamu ya jirani yetu, anapokea dola. Kuna kambisti, mbadilisha pesa, anayefanya kazi Jumapili?