Msonge wa Kisukuma juu ya kilima: paa linavuja katikati, tuongeze nyasi?

Mwanzisha mada: Wakuu, habari. Kikundi chetu kinajenga misonge ya maonyesho kilimani, upande wa Kisesa, Mwanza. Wa kwanza una kipenyo cha mita 6, kilele kimepanda mita 1.5 kutoka usawa wa ukuta. Nyasi ni nene, ila mvua inapenya katikati ya paa. Tuongeze?

Jibu 1: Usiongeze, mkuu. Paa limelala mno. Nyasi kazi yake ni kuteremsha maji: bua linapokea tone na kulipitisha kwa lililo chini yake. Kwa vipimo vyako mwinamo ni nyuzi kama 27, na msonge unataka 45 kwenda juu. Bua nalo hulala zaidi ya kombamoyo (mti wa paa unaotoka ukutani hadi kileleni), kwa sababu limeegemea safu ya chini yake. Ukizidisha unene, nyasi za ndani hazitakauka, zitaoza. Fumua, kilele kipande mita 3.

Jibu 2: Naongezea. Kwa kimo hicho, makombamoyo yawe na urefu wa mita 5.2 ili paa litokeze sentimita 70 nje ya ukuta. Ukuta wa udongo bila hivyo unaliwa na matone. Fito kila sentimita 25 hadi 30. Nyasi zikatwe kiangazi, zikiwa zimekauka zenyewe. Kung'uta mbegu zote, la sivyo panya na ndege watakufumulia paa. Chambua majani laini, yanashika unyevu. Anza chini, mashina yatazame chini, na kila safu ifunike kamba za safu iliyotangulia. Kamba ikionekana nje, hapo ndipo maji yanapoingilia. Unene sentimita 15 hadi 20 baada ya kukaza.

Jibu 3: Msisahau upepo wa ziwa. Kilimani unaanza kung'oa ukingo wa chini na kilele, kwa hiyo zungushia pete za fito juu ya nyasi sehemu hizo mbili. Pia nendeni Bujora, makumbusho ya Wasukuma, mkaone nyumba ya mtemi na ya mhunzi, ila msiende wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi wa sita. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wakishaanza kushindana, nani atawapisha na futi kamba?

Mwanzisha mada: Asanteni. Fito za zamani turudishie?

Jibu 2: Gonga moja moja. Ikimwaga unga, dumuzi, wadudu watoboa miti, wameshaingia; hiyo ni kuni.