Fundi wa mabati, muuza taa, na nyinyi wa "kobe ana nyumba mgongoni": nimechoka

Bandugu wa humu kundini, msiniulize hali. Leo ni tarehe 14 Julai, nimeamka tena saa kumi usiku kwenda kumpapasa kobe wangu, nione kama amepoa. Nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi kavu, tochi mdomoni, niliapa kwamba kukicha nitaandika. Naandika.

Kobe mwenyewe si wa huku Katanga, kusini mwa Kongo. Ni wa Saheli, wale wakubwa wa rangi ya mchanga wenye miiba mapajani, ambao kwao ni kuanzia Senegali mpaka upande wa Ethiopia. Mpangaji mmoja wa lupango (ua) letu, mtu wa Afrika Magharibi aliyekuja kwa kazi za migodi, alihamishiwa Kolwezi miaka minne iliyopita akaniambia, "Nishikie wiki mbili tu." Wiki mbili zile bado hazijaisha. Alikuja ukubwa wa sahani ya bukari (ugali), leo ana kilo 23, na watoto wanamwita Mukalamba. Na kabla hamjaanza: najua kobe wote wa nchi kavu wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Sikumnunua, simuuzi, na kumwachia kwenye pori la njia ya Kipushi si huruma, ni kumuua polepole.

Wakati wa mvua hana shida na mtu. Anakula nyasi, anakula matembele, anachimba. Shida ni sasa. Mwenye kuishi Lubumbashi anajua: tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, na tangu Mei inapoisha mpaka Agosti upepo wa kusini-mashariki unapita lupango kwa lupango. Saa nane mchana ni nyuzi 25, unavua koti. Alfajiri ni 7, na mwaka huu kipimajoto changu kimeonyesha 5 mara mbili. Huyu mnyama hatengenezi joto lake mwenyewe. Anachota juani mchana, na usiku linamtoka. Wale kobe wa Ulaya ya kusini hulala usingizi wa miezi wakati wa baridi, ndio maana kwenye intaneti mtaona watu wanawatia mpaka kwenye friji yenye nyuzi 5. Wa Saheli hana usingizi huo. Ukimwacha apoe hasinzii, anaugua.

Sasa tuje kwa fundi.

Nilimwita mwezi wa tano. Nikamchorea kwenye karatasi: kuta mbili, katikati frigoliti (lile povu jeupe la kuzuia joto), ndani tripleksi (mbao za plai), paa lenye mteremko, mlango mdogo. Tukakubaliana dola 180, nikatoa 120 palepale. Baada ya wiki mbili akaleta sanduku la manjanja, yaani mabati. Manjanja tupu, bandugu! Amechomelea vizuri, siwezi kumsingizia, hata rangi ya kijani amepaka. Lakini hakuna frigoliti, hakuna tripleksi, hakuna chochote. Namuuliza, anacheka: "Papa, ile nyama iko na nyumba yake ku mugongo, baridi itamufanya nini?"

Sentensi hiyo nimeisikia kwa fundi, kwa shemeji yangu, kwa mama wa mboga, na kwenu humu mara zisizo na idadi. Hebu tuimalize leo. Lile gamba si koti na si nyumba. Ni mfupa, mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, juu yake pana ngozi ngumu ya jamii moja na kucha zako. Lina damu na lina hisia. Wewe ukisimama uchi nje usiku wa Julai, mbavu zako zinakupa joto? Basi na yeye ni hivyo hivyo.

Nikaweka sanduku hata hivyo, maana pesa ilikuwa imeshatoka. Usiku wa kwanza nje 8, ndani 9. Nyuzi moja kwa dola 120. Asubuhi dari linadondosha maji, jasho la bati, mnyama amelowa mgongo. Baridi peke yake kobe mkubwa anaweza kuivumilia kidogo, lakini baridi na unyevu pamoja ndivyo vinavyoharibu mapafu. Na mchana ukafanya kinyume: saa saba ndani ya sanduku 41, limekuwa oveni. Kitu kimoja kinachomgandisha usiku na kumuoka mchana. Hiyo nayo ni kipaji.

Hapa nikiri na langu. Mlango niliuelekeza kusini. Kwa nini? Kwa sababu kila mwongozo niliousoma, wa Uingereza, wa Ufaransa, wa Marekani, unasema elekeza mlango kusini upate jua. Sikufikiri. Huko jua lao liko kusini. Sisi hapa mwezi wa sita na wa saba jua la saa sita mchana liko kaskazini! Nilimgeuzia mnyama mgongo wa jua, nikamfungulia upepo mlango. Wiki mbili nzima nilikuwa napita pale kila asubuhi naona kivuli mlangoni na sikushtuka. Mtoto wangu wa darasa la tano ndiye aliyeuliza, "Papa, mbona mlango uko kwenye kivuli?" Na nyinyi mnaobandika humu miongozo ya watu wa theluji bila kubadilisha hata neno, mna sehemu yenu katika hili.

Muuza taa sitamwacha. Pale mjini, kwenye meza ya vifaa vya umeme, aliniuzia balbu ya buluu kwa dola 25, eti "taa ya jua, inatoa vitamini". Nimeiwasha, inatoa ubuluu. Hakuna kwenye kasha neno lolote la mionzi ya UVB, ambayo ndiyo inayomsaidia kobe kutengeneza vitamini D3 gamba lisilainike. Linaloniuma zaidi ni kwamba hata ingekuwa ya kweli, sikuihitaji. Jua tunalo bure mwezi mzima wa Julai, mbingu haina wingu. Inatosha atoke nje aote. Taa hizo ni za watu wanaokaa miezi bila kuliona. Nililipa dola 25 kununua kitu kinachomwagika juu ya paa langu.

Kisha nikatafuta balbu ya kauri, ile isiyotoa mwanga ila joto, wati 150. Hiyo ni kitu halisi. Lakini ndani ya sanduku la bati ni kumwaga maji kwenye kikapu, na umeme nao unakatika saa mbili usiku unarudi kukicha, au haurudi. Na bila kidhibiti joto huwezi kulala: umeme ukirudi mchana bila wewe kujua, unampika.

Usiku mmoja wa katikati ya Juni ndio uliotaka kunitoa roho. Umeme umekatika, nimeenda kulala. Saa tisa naamka, nasikia harufu ya makala (makaa). Natoka, naona sanduku linatoa mwanga mwekundu. Zamu (mlinzi) wetu, mzee mwenye moyo mzuri kuliko sisi sote, amemwingizia kobe mbabula, jiko la makaa. Mbabula! Ndani ya sanduku lililofungwa, pembeni ya nyasi kavu. "Patron, nilimuonea huruma, alikuwa anatetemeka." Kobe hatetemeki, mzee wangu, hana uwezo huo, aliyekuwa anatetemeka ni wewe. Nikamtoa Mukalamba nikamlaza hewani, kichwa kimelegea, mpaka akavuta miguu. Sikumkaripia zamu. Kila mwaka msimu huu tunasikia watu wazima wamelala na mbabula chumbani hawakuamka, na bado hatujifunzi, itakuwa kwa kobe?

Siku tatu baadaye mapovu puani. Akaacha kula siku 11. Mnyama huyu hana kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, cha kumsaidia kukohoa, ute ukiingia mapafuni unakaa humo. Daktari wa mifugo alikuja, akachoma sindano mguu wa mbele, si wa nyuma, maana damu ya nyuma hupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka. Akaniambia neno moja ambalo lingeniokoa dola zote hizi: "Dawa haifanyi kazi kwenye mnyama wa baridi. Mpashe kwanza." Tukamweka jikoni kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, dakika 20 kila siku, mke wangu akipika pembeni na kunitazama jicho ambalo wenye ndoa mnalijua.

Basi nikajenga mwenyewe. Matofali ya udongo wa kichuguu, ukuta mnene, nimechimba chini sentimita 40 kwa sababu huyu kwao ni mchimbaji, joto lake hulitafuta ardhini. Paa ni tripleksi, frigoliti, tripleksi, halafu ndiyo manjanja juu. Frigoliti nimeifunika kote. Ukiacha hata kipande cheupe kinaonekana atakila. Mlango unatazama kaskazini, na si wa bawaba, maana wa bawaba aliung'oa kwa kichwa mara ya kwanza na kuondoka nao shingoni. Nimening'iniza vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la lori, vinapishana, anapita kama gari la mizigo na vinajifunga nyuma yake.

Na joto? Bidon (madumu) mbili za lita 20. Jioni mke wangu akimaliza bukari, makala yaliyobaki yanachemshia maji, nje, siyo ndani. Maji ya nyuzi 60 hivi, bidon zinawekwa nyuma ya kizuizi cha mbao asizipande. Nimepiga hesabu: bidon moja ikishuka kutoka 60 mpaka 25 inatoa karibu kilowati-saa 0.8, yaani sawa na kipasha joto cha wati 100 kwa saa nane. Bila umeme. Balbu ya kauri ipo juu na kidhibiti chake, umeme ukiwepo inasaidia, usipokuwepo sina presha. Jana alfajiri nje 6, ndani 17. Leo saa kumi nilipokwenda kumpapasa alikuwa 16 na amekasirika kuamshwa.

Gharama yote haikufika nusu ya alichotaka fundi.

Nyongeza, saa tatu usiku: Nawajibu wachache. Anayesema "hizo pesa ungesomesha mtoto", watoto wangu wanasoma, mmoja ndiye aliyejua jua liko wapi. Anayeuliza kama bidon zinatosha kwa kobe mdogo wa gramu 300: hapana, huyo mlaze ndani ya nyumba, mdogo anapoa kama chai kwenye kikombe. Mama wa Bukavu aliyeandika kwamba kwao kuna mvua na ukungu: ongeza mteremko wa paa na inua sakafu, usichimbe kama mimi, shimo lako litakuwa kisima.

Na wewe fundi, najua unasoma, maana umenitumia ujumbe mara nne leo ukidai dola 60 zako za mwisho. Sizitoi. Sanduku lako lipo nje ya lupango, karibu na mtaro, kuku wenyewe wamelikataa. Njoo na watu wanne ulibebe, na uje mchana, usiku zamu analalia humo.