Mjadala: Ugonjwa ukiingia Goma, simu kwanza au sentre (kituo cha afya) kwanza?

Muuguzi wa Katindo
Ndugu zangu, tuzungumze bila kufichana. Kila mlipuko ukija, wagonjwa wanatufikia siku ya nne, ya tano, simu mkononi. Wamekwisha kusoma, na wengine wamekwisha kunywa vidonge vya farmasi ya mtaani baada ya kumwonyesha muuzaji picha. Wakati wa Korona 2020 ilikuwa klorokwini, ile dawa ya malaria, kwa sababu rais wa Marekani aliisifu. Kule Arizona bwana mmoja alikunywa ile ya kutibu samaki wa kufugwa, akafa. Mpox ilipokuja, mambo yakawa yaleyale. Ukiona homa na vipele, zima simu, kuja sentre. Na hasa nyinyi mnaotafuta kwa Kiswahili, acheni kabisa. Kiswahili hakina sayansi.

Mama wa Himbi
Mdogo wangu, ungeishia kwenye "kuja sentre" ningekushukuru. Kiswahili kimekukosea nini? Ebola ilipofika hapa mjini, mtoto wangu alishikwa na homa saa sita ya usiku. Niliandika kwa Kiswahili: Ebola inaambukiza namna gani. Nikasoma kwamba haipiti hewani, inapita kwa damu, matapishi na jasho la mgonjwa, na asiye na dalili haambukizi. Nilikaa na mtoto wangu bila kumkimbia. Asubuhi tukapima: malaria.

Wa Birere
Kiswahili hakina sayansi? Daktari wetu Muyembe alikuwa Yambuku 1976, Ebola ilipoonekana kule, na ile dawa ya Ebola, mAb114, imetokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit 1995. Sayansi ya Ebola ni yetu! Hata 2018 ilipofika Goma, tulinawa klori kila kona kabla wazungu hawajashuka.

Mwanafunzi
Yaya, Yambuku wanasema Lingala, na Kikwit Kikongo. Hapo Kiswahili hakijatetewa.

Mama wa Himbi
Tena Goma haikuwa 2018. Huo ndio mwaka ilipotangazwa, tarehe 1 Agosti, upande wa Mangina. Goma mgonjwa wa kwanza ni Julai 2019, yule pasta aliyepanda basi kutoka Butembo. Klori tulianza mapema, hilo ni kweli.

Wa Birere
Mwaka mmoja ndio umeninyang'anya haki ya kusema? Nilikuwa hapa, nilinawa hiyo mikono.

Mwanafunzi
Hakuna aliyekunyang'anya. Lakini tatizo la Kiswahili lipo, ila si lile Muuguzi analosema. Sisi hapa tunasema munganga, maana yake daktari. Andika "munganga" au "mganga" kwenye simu uone: utaletewa waganga wa kienyeji, wa kurudisha mume, wa kuondoa mikosi, na namba zao za simu. Maana Dar mganga ni huyo. Andika "bipele" kama tunavyosema nyumbani, hupati karibu chochote. Andika "vipele", kurasa zinafunguka. Na lugha rasmi za OMS, Shirika la Afya Duniani, ni sita, Kiswahili hakimo. Mtu wa Goma anatafuta kwa lugha ambayo si ya OMS, na kwa Kiswahili ambacho si cha Dar. Anaachwa nje mara mbili.

Motari wa Ndosho
Kweli kabisa. Miye minaandika bile tunasema, simu inaniletea bitu bya Tanzania. Na mega za intaneti iko bei! Video moja ya mubirizi, ile majani chungu ya dawa, inamaliza mega yote, ile ya kweli sitaifikia.

Wa Birere
Sasa Kiswahili chetu ndicho kibaya? Wadar waje wajifunze kwetu. Munganga ni daktari. Bibi yangu alisema hivyo, na alitibiwa hivyo.

Mwanafunzi
Sikusema kibaya. Nilisema mashine haikijui. Halafu Muuguzi, watu wanachotafuta kinafaa kitu. Google walijaribu tangu 2008 kujua mafua yako wapi Marekani kwa kuhesabu maneno watu wanayotafuta. Baadaye hesabu zao zikazidi mno zile za hospitali, 2015 wakaacha. Lakini woga wa watu ulionekana mule. Sisi woga wetu hauonekani kokote.

Muuguzi wa Katindo
Nimesoma yote. Kuhusu lugha nilisema kwa hasira, naiondoa. Wiki ile nililetewa mtoto wa Mpox aliyepakwa majani kwenye vidonda siku sita. Mama yake alinionyesha video aliyofuata, kwa Kiswahili safi. Nilishika ule mkono mdogo, ulikuwa unawaka kwa joto. Ndiyo maana nilikasirika.

Motari wa Ndosho
Pole sana, munganga wetu.

Wa Birere
Umeona? Munganga! Haiko mchawi.

Mama wa Himbi
Pole, mdogo wangu. Ila la usiku hujanijibu. Saa sita, homa inapanda, uliniambia nizime simu.

Muuguzi wa Katindo
Usiku yuko mtu wa zamu, mama. Ungegonga.

Mama wa Himbi
Niligonga. Mlinzi alisema nirudi asubuhi. Ndipo nikafungua simu.