Naomba ushauri kuhusu historia ya jengo la klabu ya Wagoa

Ndugu wanachama, mjini kwetu lipo jengo la zamani la klabu ya Wagoa, watu waliotoka Goa, iliyokuwa koloni la Wareno kule India, ambao wengi walikuwa makarani wa serikali ya kikoloni, hadi Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda mwaka 1972. Ubao wenye majina ya wenyeviti, ambao kwangu ni ushahidi adimu sana, unaliwa na mchwa, na mafundi rangi wanakuja karibuni. Je, niombe uondolewe kwanza? Na hati ya kiwanja pamoja na kumbukumbu za klabu nizitafute wapi: ofisi ya ardhi, hifadhi ya nyaraka za taifa kule Wandegeya, Kampala, au kwa wazee waliohamia Uingereza na Kanada?