Mdomo mrefu wa mdiria unachongwaje bila kuvunjika?

Mwanagenzi, Kisumu

Habari zenu, mafundi. Ninakusudia kumchonga mdiria mweusi na mweupe, yule anayepiga mabawa akisimama hewani juu ya Ziwa Victoria kabla ya kujitupa majini kukamata samaki. Nataka awe na ukubwa wake halisi, yaani kama sentimita 25 kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Nitatumia zana za mkono tu: tezo ndogo, msumeno, patasi, kisu, tupa na msasa. Nimepata gogo la jakaranda lililokatwa majuzi. Nina maswali mawili. Mdomo wake ni mrefu na mwembamba, nami ningependa kichwa kiwe kimegeukia upande kidogo. Nifanyeje ili usivunjike? Tena, ndege wengi wa mti ninaowaona madukani wamechorwa manyoya kwa bidii, lakini hawafanani na ndege aliye hai. Wamepungukiwa na nini?

Fundi wa Machakos

Ndugu yangu, kabla ya ndege tulishughulikie gogo. Jakaranda ni chaguo jema, kwa kuwa ni mti mweupe, laini kwa patasi, na hupandwa kwa wingi mijini, tofauti na muhugu ambao biashara yetu ya vinyago imechangia sana kuupunguza misituni. Mpingo usiufikirie kwa kazi hii, maana ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, na kuupaka rangi nyeupe ni kuunyima heshima yake.

Gogo bichi hukauka nje kwanza, na sehemu ya nje inaposinyaa huku ya ndani ikiwa bado imejaa maji, nyufa huanza na kuelekea kwenye kiini. Lipasue gogo katikati, ondoa kiini chote, kisha toa umbo la jumla kwa tezo wakati mti ungali mbichi na unakatika kwa urahisi, ukiacha unene wa ziada wa sentimita moja kila upande. Baada ya hapo lifunge kwa magazeti, ulitie ndani ya mfuko, uliweke kivulini na kubadilisha magazeti yanapolowa. Lipime kwenye mizani mara kwa mara. Uzito ukiacha kupungua, endelea na kazi.

Kuhusu mdomo, jambo la kuamua ni nyuzi za mti. Nyuzi zikienda sambamba na mdomo toka shinani hadi nchani, utastahimili. Zikiukatiza, utakatika kwa kuguswa tu. Kwa kuwa kichwa chako kimegeuka, nyuzi zinazofuata kiwiliwili haziwezi kuufuata mdomo pia. Chonga kichwa kwa kipande kingine, nyuzi zake zikielekea ulipo mdomo, kisha ukiunge shingoni kwa kijiti cha mti mgumu na gundi. Uache mdomo ukiwa mnene mpaka kazi nyingine yote ya kichwa iishe, na mwishoni uupunguze kwa kisu kikali na tupa laini.

Mtazama Ndege

Nakubaliana na Fundi, nami nijibu swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Wanachopungukiwa ni umbo. Mchongaji hukimbilia manyoya kwa sababu yanaonekana kuwa ndiyo kazi yenyewe, ilhali ndege anayetua kwenye kigogo mbali kiasi kwamba huoni unyoya hata mmoja, bado unamtambua papo hapo kwa ukubwa wa kichwa, mwinamo wa mgongo na jinsi mkia ulivyokaa.

Nenda ufuo wa Dunga, ukae na penseli. Utaona kwamba kichwa cha mdiria ni kikubwa kwa mwili wake, na anapotulia shingo karibu haionekani. Chora picha mbili za ukubwa halisi, moja ya ubavuni na nyingine ya kutoka juu. Kichwa kichore peke yake kwa kuwa kitachongwa peke yake. Hamishia michoro kwenye mti, ukate kwanza ubavu, kisha uchore na kukata umbo la juu. Piga mstari wa katikati kwa penseli kuzunguka mwili wote, na kila kisu kinapoufuta, uurudishe, kwa kuwa bila mstari huo bega moja litapanda bila wewe kujua. Mtazame pia kwenye kioo, ambamo kasoro za upande mmoja hujitokeza mara moja.

Macho ndiyo yanayoharibiwa zaidi. Watu huyaweka juu mno, au moja mbele ya jingine. Ufuatilie mstari unaotenganisha sehemu mbili za mdomo hadi unapoishia shavuni, ndipo uyapime macho kutoka hapo, ukimtazama ndege kutoka mbele na kutoka juu. Bawa nalo lisionekane limebandikwa ubavuni: linatoka begani, na ukingo wake wa chini hufunikwa kidogo na manyoya ya ubavu.

Manyoya makubwa ya bawa na mkia yachonge yakilaliana kama vigae vya paa. Kifuani yaache, palainishwe kwa msasa tu. Kishungi cha kisogoni kinastahili mikato michache ya kina, kwa sababu kwa mdiria huyu huwa kimetimka.

Mwanagenzi, Kisumu

Nawashukuru sana. Je, miguu na macho nitumie nini, na mikanda ya kifuani ni mingapi?

Fundi wa Changamwe

Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja, ambao kwa kawaida umekatika katikati. Amua mapema, kwa maana mtu anayewajua ndege ataanza kutazama hapo. Macho yao ni ya kahawia iliyokoza sana, hivyo shanga nyeusi za kioo zinafaa, zikizamishwa kiasi ili kope ziweze kujengwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Miguu ni mifupi na sehemu kubwa hufichwa na manyoya ya tumbo, kwa hiyo tengeneza vidole tu kwa waya wa shaba: vitatu mbele, kimoja nyuma. Kidole cha nje na cha kati vya mbele vimeungana kwa sehemu ya urefu wake. Viunge pamoja kwa risasi ya kulehemu, au uvifunge kwa uzi mwembamba na gundi kabla ya kupaka rangi.