Honda Fit yenye tairi za baridi au Subaru ya AWD: ipi itanivusha Minnesota?

Mtoto wa Korogwe
Wakuu, salaam. Nipo St. Paul, Minnesota, huku Marekani. Mwaka jana nilipanda basi, msimu huu wa baridi ndio wa kwanza nikiwa na gari langu: Honda Fit Sport ya 2011, gia otomatiki, inavuta kwa tairi za mbele. Kazi yangu ni zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, naingia saa 5 usiku na kutoka saa 1 asubuhi. Sehemu kubwa ya njia ni barabara kuu ya I-94, halafu mitaa ya makazi yenye vilima viwili vitatu.

Shemeji ananisukuma niuze Fit nichukue Subaru Forester ya zamani kwa sababu ina AWD, yaani injini inazungusha tairi zote nne. Mfanyakazi mwenzangu anasema nibaki na Fit, nifunge tairi za baridi zote nne. Yupo na wa tatu anayesema tairi za misimu yote nilizonazo zinatosha, bora nisikimbie. Nani ana hoja?

Mzee wa Duluth
Mdogo wangu, huyo wa tatu mwache. Tairi za kawaida za misimu yote zikishapata baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi mpira wake huanza kukakamaa, na huku Januari tunazungumzia hasi 20 na kushuka. Mpira mgumu haushiki lami, sembuse theluji. Tairi za baridi zina mpira unaobaki laini, na mikato midogo mingi inayong'ata theluji.

Sasa Fit na Forester. Gari inayovuta mbele ina bahati moja: injini na gia zimekalia tairi zilezile zinazovuta. Karibu asilimia 60 ya uzito iko mbele, kwa hiyo kuondoka kwenye taa za barabarani si tabu kama watu wanavyodhani. Zile zinazosukuma nyuma, hasa pikapu tupu, ndizo utaziona zinacheza ngoma katikati ya makutano.

AWD inakusaidia kuondoka na kupanda mlima. Kusimama haikusaidii. Gari zote zina breki kwenye tairi nne, na kinachoisimamisha ni mpira kukutana na barabara. Ndiyo maana kila theluji ya kwanza unakuta magari makubwa ya AWD mtaroni kando ya barabara kuu ya I-35: yaliondoka vizuri, mwenyewe akaamini barabara ni nzuri, breki zikamwambia ukweli.

Ubaya wa Fit ni kwenye kona. Ukiingia na mwendo, pua inakwenda moja kwa moja huku usukani umeukata. Wengi huzidi kuukata, na hapo unapoteza zaidi. Achia mafuta taratibu, rudisha usukani kidogo, subiri tairi za mbele zishike tena.

Subaru Damu
Mzee nakuheshimu, lakini hujagusa kimo. Forester ina nafasi ya karibu sentimita 22 kutoka chini. Fit iko chini sana kuliko hapo. Theluji ikilala sentimita 25 na trekta la jiji la kusukuma theluji halijapita mtaani, tumbo la Fit linakalia theluji na tairi zinabaki kuzunguka hewani. Hapo hata ufunge tairi za dhahabu. Na huyu anatoka kazini saa 1 asubuhi!

Mzee wa Duluth
Hapo umesema kweli, sibishi. Ila siku za hivyo kwa msimu ni chache, na I-94 inasafishwa usiku kucha. Forester ya zamani yenye tairi zilizoisha itamsumbua siku zote zilizobaki.

Dada Monique, Montréal
Njooni mwone Québec, huku Kanada. Sheria hapa inadai tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, iwe AWD, iwe nini. Vigari vidogo vya kuvuta mbele vimejaa mji mzima na vinapanda vilima vyetu kila siku. Kaka, tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake, imechorwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ina maana tairi imepimwa kwenye theluji. Zile herufi M+S (matope na theluji) peke yake zinaeleza mikato tu, na Ujerumani tangu Oktoba 2024 hazikubaliki tena kama tairi ya baridi.

Halafu usifanye ubahili wa kufunga mbili za mbele tu! Mbele itashika, nyuma itateleza, na siku moja kwenye mteremko mkia utakuja kukusalimia dirishani.

Mtoto wa Korogwe
Dada asante. Dukani wamenitajia Michelin CrossClimate 2, wakasema ina alama hiyo ya mlima na naweza kuiacha mwaka mzima. Hiyo si njia ya kati?

Dada Monique, Montréal
Ni njia ya kati kweli, na huku sheria inaikubali. Kwa mtu asiye na mahali pa kutunza seti ya pili, ningemwambia achukue bila kusita. Kwenye barafu tupu, tairi halisi ya baridi bado inaishinda.

Kimara–Tampere
Salaam kutoka Ufini, nchi iliyotengeneza tairi ya kwanza ya theluji. Nokian, 1934, ilikuwa ya malori. Huku wengi tunatumia tairi za misumari, na kwenye barafu hakuna kinachozifikia. Ndugu yangu wa St. Paul, wewe zisahau: Minnesota hairuhusu misumari kwa gari la mkazi wake, kwa sababu inachimba lami.

Nina Yaris, ambayo huko nyumbani tunaiita Vitz. Nyembamba, nyepesi, inapasua theluji hadi chini badala ya kuelea juu yake. Watu wanapenda tairi pana kwa sura, lakini kwenye theluji nyembamba ndiyo rafiki.

Fundi Kassim
Nakubaliana na wa Tampere, na kwa Fit Sport hili linawezekana kwa bei nafuu. Inakuja na tairi za saizi 185/55R16. Chukua 175/65R15, nyembamba kidogo, saizi ya Fit ya kawaida ya mwaka huohuo. Kimo cha tairi kwa jumla kinakaribia kuwa kilekile, kwa hiyo spidomita haitakudanganya. Nunua rimu za chuma za inchi 15, matundu manne ya boliti, kipimo chake 4x100. Tairi zikae kwenye rimu zake moja kwa moja, ili Novemba na Aprili ubadilishe magurudumu tu, usilipie kuvua na kuvalisha kila mara. Rimu mpya zisipokuwa na sensa za upepo, taa ya upepo itawaka kwenye dashibodi. Ni kero tu, lakini ujipimie upepo mwenyewe, maana baridi inaushusha: takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6.

Ukikwama, bonyeza swichi ya VSA, ule mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, kuizima. Ikibaki hai inakata nguvu ya injini kila tairi inapozunguka, nawe hutatoka. Isukesuke gari mbele na nyuma polepole, halafu uiwashe tena. Na mkoba wa mchanga na koleo fupi viwe kwenye buti.

Subaru Damu
Yaani mmeamua kumpa mtu koleo badala ya gari.

Fundi Kassim
Hahaha. Na wewe unalo, usitufiche.

Mwana wa Bukavu
Bandugu, jambo. Miye niko Winnipeg. Mnazungumza tairi tu, mbona asubuhi gari lisipowaka hizo tairi zitakupeleka wapi? Huku kuna hita ya injini, unachomeka kwenye umeme usiku, hata kazini utakuta parkingi zenye soketi. Ndugu huyu gari lake linalala nje kwa muda wa masaa nane akiwa zamu. Betri ipimwe kabla ya Desemba. Maji ya kioo yawe ya kutoganda, yaliyoandikwa hasi 40. Na ukiwasha injini gari likiwa limezikwa na theluji, fukua kwanza bomba la moshi, ile gesi ikiingia ndani inaua.

Mtoto wa Korogwe
Kazi yangu nyumbani ilikuwa kupeleka mboga kutoka Lushoto, barabara za matope. Uzoefu huo unanisaidia?

Mzee wa Duluth
Nusu. Matope yanakufundisha kutokanyaga mafuta kwa pupa. Lakini kwenye matope unapita kwa kasi ili usizame. Hiyo mbinu iache Lushoto. Na matope unayaona. Barafu nyembamba juu ya lami inafanana na barabara iliyolowa tu, hasa kwenye madaraja, ambayo yanaganda kabla ya barabara. Chumvi wanayomwaga nayo huchoka ikishuka chini ya hasi 9 hivi, kwa hiyo barabara iliyopigwa chumvi usiichukulie kuwa salama.

Mtoto wa Korogwe
Basi Fit haiuzwi. Nachukua rimu za chuma na tairi za baridi nne, 175/65R15. Shemeji nitamweleza mwenyewe. Limebaki suala la Subaru Damu: saa 1 asubuhi mtaani hakujasafishwa, nafanyaje?

Subaru Damu
Nami nikusaidie basi, maana niliishi St. Paul. Jiji likitangaza dharura ya theluji, barabara zenye kibao cha kusafishwa usiku hupigwa trekta saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Zisizo na kibao ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Wewe ukifika saa 1, egesha kwenye upande wenye kibao, umeshasafishwa. Mitaa mingine ina kibao upande mmoja tu, angalia vizuri. Ukiegesha upande wa pili ukapanda kulala, gari litavutwa na faini juu. Jiandikishe upate ujumbe wa jiji kwenye simu leo, kabla theluji haijaanza.